Mto umekauka, na sisi tunabishania ubatizo

Jumapili yangu ya kwanza Merti, niliwakuta watu wazima wakibishana kuhusu maji mengi mahali ambapo maji hayapo.

Ilikuwa Januari 2023. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo huku kaskazini mwa Kenya, na Ewaso Nyiro pale Merti ulikuwa mchanga mtupu. Ungeuvuka na ndala bila kulowa hata kidole. Sasa ndani ya chumba cha mabati, mzee mmoja amesimama na Biblia mkononi, anasema mtu ambaye hakuzamishwa mzima mzima bado hajabatizwa, na ambaye hajabatizwa asiguse meza ya Bwana.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Nikajiambia, kumbe hata huku!

Nieleze kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Mwaka huo huo kanisa langu la Nairobi likapasuka katikati: wachungaji wawili, kwaya mbili, kufuli mbili kwa lango moja. Mimi ndiye nilikuwa napiga kinanda. Jumapili moja nikafika langoni, soja akaniuliza, "Wewe ni wa upande gani?" Nikarudi kwa nyumba nikalala, na Jumapili zilizofuata nikalala pia. Najua wengi wenu mliacha kwa sababu zingine, hasa tangu Juni 2024 tulipoanza kuuliza kwa sauti kuhusu pesa za wanasiasa madhabahuni. Yangu ilikuwa hiyo kufuli.

Dada yangu anafundisha Merti. Aliposikia nimesota akanitumia nauli: "Njoo unisaidie na mtoto, angalau utakula." Hiyo safari kutoka Isiolo sitaisimulia, mgongo wangu bado unaikumbuka.

Merti ni mji wa Waborana, na wengi wao ni Waislamu. Ukisalimia unauliza "nagaa?", yaani amani, na adhana ndiyo saa ya kila mtu. Wakristo wengi niliowakuta ni wa kuja: walimu, wauguzi, polisi, mafundi. Wakatoliki wana kwao. Hao wengine, Wamethodisti, Waanglikana, PCEA, AIC na Wapentekoste, walikuwa wanakutana chumba kimoja kwa sababu hakuna dhehebu ambalo lingejaza hata benchi tatu. Tulikuwa kama watu ishirini, ukihesabu watoto.

Mwalimu mmoja wa historia, jirani ya dada, ndiye aliniambia huu ubishi ni wa zamani kuliko babu yangu. Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Thogoto, Kikuyu. Walikuwa tayari wamegawana nchi: Wamethodisti huku Meru, Waskoti huko Kikuyu, na kadhalika. (Yaani mimi ni Mmethodisti kwa sababu wazungu walikaa chini na ramani. Sawa tu.) Sasa walitaka kuunda shirikisho, na mwisho wa mkutano wakala meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, maaskofu wawili Waanglikana wakiwemo: Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda. Habari zikamfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar. Jamaa aliwaka! Akawashtaki wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Shirikisho lenyewe halikusimama vile walivyotaka. Ila 1918 misheni hizo ziliunda muungano hafifu zaidi, na 1926 muungano huo ukafungua shule. Ndiyo hiyo Alliance ya kule Kikuyu.

Nilicheka. Halafu nikaona dada hacheki.

Yule mzee alikuwa amesema akishindwa ataanza ibada kwa veranda yake, na familia tatu zingemfuata. Kati ya watu ishirini, hapo kanisa limekwisha. Na si mtu mbaya. Ni fundi wa pampu za visima. Dada alipojifungua, yeye ndiye alikuwa anamletea jerikani mbili kila asubuhi, bure. Siku moja nikamfuata nimuulize mbona anang'ang'ana hivyo. Akaniambia, "Kijana, mimi nilibatizwa nikiwa mtoto. Nikanywa pombe miaka kumi na tano. Siku nilizamishwa ndiyo siku niliacha. Sasa unataka niseme yale maji hayakuwa kitu?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Kwa ile vita ya Nairobi sikuwahi kumuuliza mtu hata wa upande mmoja anaogopa nini.

Muuguzi mmoja, Mwanglikana, ndiye alituokoa, na wala hakuhubiri. Alisema hakuna kupiga kura. Meza ikiandaliwa, anayeamini aje. Ambaye dhamiri inamkataza akae, na asiulizwe. Basi. Mzee alibaki amekaa mara ya kwanza, na ya pili, na aliombea waliokula kwa sauti. Veranda yake ikabaki veranda. Mimi nikaanza kurekebisha kinanda kilichokuwa kona, kimefunikwa na gunia. Funguo nne hazikulia, hiyo si shida.

Mvua ilipokuja msimu wa Machi, mto ukateremka na maji ya rangi ya chai. Mzee akanitafuta. "Kijana, maji ndiyo hayo."

Nikamwambia mimi nilibatizwa Meru, na kikombe, na mama yangu alilia siku hiyo. Akaniangalia kwa muda. "Basi kuja utupigie," akasema. Nikawapigia vijana wawili wakizamishwa, nikisimama kwa matope na betri ya pikipiki.

Wiki iliyofuata mchungaji alikuja kutoka Isiolo kumbatiza mtoto wa dada kwa kunyunyiziwa. Maji aliyaleta mzee. Aliweka jerikani karibu na meza, akamgusa mtoto kichwani, akatoka nje hadi wamalize.

Aliporudi ndani alikuja moja kwa moja kwangu, akainama. "Betri itafika wimbo wa mwisho?"