Goti Linalouma Halitaki Kukalishwa

Matatu ya 111 ikisimama Dagoretti Corner, pale Barabara ya Ngong inapokutana na ya Naivasha, wenye magoti mabovu utawajua kwa namna wanavyoteremka. Hushika chuma cha mlangoni kwa mikono miwili, hugeuka ubavu na kutanguliza mguu unaouma. Kondakta naye anahimiza: "Haraka mathe!" Wengi wao si wazee. Wana miaka arobaini na kitu, bado wanasomesha watoto.

Mtu huenda hospitali akidhani ameteguka, akarudi na picha ya eksirei na jina la ugonjwa alioujua kwa nyanya yake. Lakini athraitisi ya kuchakaa kwa viungo haingoji mvi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nayo, milioni 365 kati yao magotini. Zaidi ya robo hawakuwa wamepita miaka 55, na wengi ni wanawake.

Habari zikifika nyumbani, shauri la kwanza ni lile lile: keti, pumzisha mguu. Linatoka kwa watu wanaokupenda, nalo ndilo linalodhuru. Gegedu ya goti haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huzunguka goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Ukishinda kitini, misuli ya paja hulegea na goti hubaki na mzigo lisiouweza.

Mimi niliambiwa nina ugonjwa huu nikiwa na miaka 48, na kilichonisaidia kuliko vidonge ni kiti cha jikoni. Unakaa wima, unanyoosha mguu mmoja mpaka vidole vielekee dari, unahesabu polepole hadi tano, kisha unaushusha bila kuuachilia. Mwanzoni paja hutetemeka. Maumivu kidogo si hatari. Yakidumu hadi kesho yake, punguza.

Uzito nao una hesabu yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti kama kilo nne katika kila hatua.

Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako hapa hapa Corner, na kila Julai majirani hulaumu baridi. Baridi huweza kulikaza goti asubuhi, ila siyo inayolichakaza. Kazi ndiyo huchangia: mtazame fundi wa fanicha kando ya Barabara ya Ngong, amepiga magoti kwenye saruji tangu asubuhi akipiga msasa kitanda cha mteja.

Ninachokiogopa zaidi ni diklofenaki inayonunuliwa dukani kama peremende. Ikimezwa miezi na miezi huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Ile ya kupaka ni salama zaidi, nayo uliza daktari kwanza.

Kisha kuna nyumba zetu. Ghorofa tano Riruta, lifti hakuna, na maji yakikatika ni mtungi wa lita 20 hadi juu. Huo mtungi aubebe kijana wa nyumba, au ujazwe nusu. Kupanda, tanguliza mguu mzima. Kushuka, ule unaouma. Na mwenye ploti anayepaka ngazi rangi mpya kabla ya kupandisha kodi aanze kwa kuweka vyuma vya kushikia, pande zote mbili.