Safari ya Jamaa Nzima katika Kisiwa cha Mlima wa Moto



Siku za kufunga shule zikikaribia, baba na mama huulizana: Tuwapeleke wapi watoto? Walio wengi huwapeleka kwa babu na bibi, nayo ni desturi njema sana. Lakini wako jamaa ambao kwa miaka mitatu au minne wameweka akiba, shilingi juu ya shilingi, wapate kuwaonyesha watoto wao nchi nyingine kabla hawajakua na kutawanyika. Kwa ajili yao twataka kueleza habari za kisiwa cha Réunion, kilichoko katika Bahari ya Hindi, kadiri ya kilometa 700 mashariki ya Madagaska, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini.

Kisiwa hiki chote kilitoka katika moto. Mlima wake ulio mrefu kuliko yote, Piton des Neiges, wapita mita 3,000, nao umelala. Ndugu yake mdogo, Piton de la Fournaise, urefu wake mita 2,632, u macho hata leo. Neno Fournaise maana yake ni tanuru, na watoto waliofundishwa habari za vijana watatu katika kitabu cha Danieli hawatalisahau jina hilo. Tangu watu walipoanza kukaa kisiwani katika karne ya 17, mlima huu umetoa moto zaidi ya mara 150.

Hapo mama husema: "Je, niwapeleke wanangu tanuruni kwa miguu yangu mwenyewe?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jawabu. Yuko baba asemaye, "Twendeni tu, Mungu atatulinda," wala asiulize neno lolote juu ya mlima. Huyo na akumbuke jinsi Bwana wetu alivyomkatalia Shetani alipomtaka ajitupe kutoka juu ya hekalu. Yuko na mwingine akataaye kila safari kwa kuwa amesikia neno moto. Huyo naye na asikilize kwanza mlima wenyewe ulivyo.

Milima ya moto si ya tabia moja. Iko ambayo mawe yake yaliyoyeyuka ni mazito kama ugali; hewa huzibwa ndani, na mwisho mlima hupasuka kwa kishindo na kuua watu wengi. Mlima wa Fournaise kwa kawaida sivyo. Lava yake ni nyepesi kama uji. Hewa hupata njia ya kutoka, nayo lava hutiririka. Tena mara nyingi hutokea ndani ya bonde kubwa liitwalo Enclos, lililozungukwa na majabali marefu kama kuta, lenye kufunguka upande wa bahari tu, wala hakai mtu humo. Tangu mwaka 1979 wako wataalamu katika kijiji cha Bourg-Murat ambao kazi yao ni kuusikiliza mlima usiku na mchana kwa vyombo. Moto ukitaka kutoka, ardhi hutetemeka kidogo kidogo na mlima huvimba. Vyombo huona jambo hilo kabla ya macho ya watu, na serikali huifunga njia ya kuingia Enclos.

Wataalamu hao waliwekwa kwa sababu ya mambo yaliyotokea mwezi wa Aprili mwaka 1977. Mwaka huo moto haukutoka ndani ya Enclos, bali nje yake, juu ya kijiji cha Piton Sainte-Rose. Watu wakaamriwa waondoke, wakaondoka, wameacha nyumba zao na vitu vyao. Lava ikateremka, ikachoma nyumba nyingi, ikakatiza barabara, ikafika mbele ya kanisa. Hapo ikagawanyika, ikapita huku na huku, nayo iliyofika mlangoni ikakoma kizingitini. Kanisa likabaki limesimama katikati ya mawe meusi, na hata leo lasimama. Watu huliita Notre-Dame des Laves, yaani kanisa la Bibi Yetu wa Lava.

Wakristo wa kisiwa hicho humshukuru Mungu kwa ajili ya kanisa lile, nasi twashukuru pamoja nao. Lakini wazazi na walimu, wasimulieni watoto habari yote, msiishie kwenye kizingiti. Katika kijiji kile hakufa mtu hata mmoja. Jengo lilisimama, ni ajabu; watu waliokoka, ni neema iliyo kubwa zaidi, nayo ilipitia masikio yaliyosikia amri na miguu iliyoondoka kwa wakati. Mtu aliyeng'ang'ania nyumba yake siku ile asingepona kwa sababu ya ukaidi wake. Wahenga walisema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi, jamaa wakishakubaliana kwenda, na wajipange hivi.

Kwanza, majira. Toka Novemba hata Aprili ni wakati wa joto na mvua, na hasa Januari, Februari na Machi huja tufani kali za baharini. Toka Mei hata Oktoba ni wakati wa baridi na ukavu. Twaona, basi, ya kuwa likizo za katikati ya mwaka zafaa sana. Lakini msidanganywe na jina la kisiwa mkachukua nguo nyepesi tu. Pwani ni joto, na juu mlimani asubuhi baridi yaweza kukaribia ile ya barafu. Kila mtoto awe na sweta, koti la mvua, kofia, na viatu imara vilivyokwisha kuzoewa na miguu yake, kwa maana kiatu kipya humliza mtoto kabla ya saa moja kupita.

Pili, ruhusa na fedha. Réunion ni sehemu ya Ufaransa, na tangu mwaka 1946 imekuwa mkoa wake; fedha yake ni euro, na lugha ni Kifaransa na Kikrioli. Kwa hiyo viza huombwa kwa serikali ya Ufaransa, nayo sharti iwe imeandikwa kwamba yafaa kwa Réunion, kwani viza ya Ulaya peke yake haitoshi. Ombeni mapema, kila mtoto na pasipoti yake. Kisha ketini mezani kama yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara, mkahesabu gharama: ndege, malazi, gari, chakula, na akiba ya ugonjwa. Ikiwa hesabu yaonyesha ya kuwa karo ya muhula ujao itaguswa, ngojeni mwaka mwingine. Kisiwa hakitahama.

Tatu, mlimani. Barabara ya gari hufika mpaka Pas de Bellecombe, mita 2,311 juu ya bahari, mahali ambapo mtu asimama akaona Enclos yote chini yake. Ondokeni alfajiri, maana kabla ya adhuhuri mawingu huja na kufunika kila kitu. Wenye watoto wadogo wasijaribu kwenda mpaka ukingo wa shimo kuu. Safari hiyo ni ya muda wa saa tano hivi kwenda na kurudi, juu ya mawe makali, pasipo kivuli wala maji. Yatosha kushuka ngazi za jabali na kwenda mpaka Formica Leo, kilima kidogo chekundu kilicho karibu, ambacho mtoto wa miaka saba aweza kukipanda na kujivunia. Alama nyeupe zimepakwa juu ya mawe; mzifuate, kwani ukungu ukishuka mtu hupotea hatua ishirini tu kutoka njiani. Na mkikuta lango limefungwa, rudini bila manung'uniko. Katika Bourg-Murat iko nyumba ya maonyesho ya mlima, na watoto watajifunza humo.

Nne, safari za gari. Iko barabara ya kwenda Cilaos, bonde lililo katikati ya milima, yenye kona zaidi ya 400. Ni nzuri kuitazama, lakini tumbo la mtoto halitazami uzuri. Wapeni chakula kidogo kabla ya kwenda, na simameni mara kwa mara.

Tano, baharini. Upande wa magharibi, karibu na Saint-Gilles, mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi, na ndani yake maji ni matulivu. Msiwaache watoto waingie nje ya mwamba huo. Tangu mwaka 2011 papa walishambulia na kuua watu kadhaa, na mwaka 2013 serikali ilikataza kuoga penginepo ila ndani ya mwamba na mahali palipolindwa. Tazameni bendera, ulizeni walinzi.

Sita, chakula. Watu wa kule hula wali, maharage, mchuzi na achari ya pilipili. Jumapili baada ya Misa jamaa nyingi huchukua masufuria yao, wakaenda kula chini ya miti. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Gharama itapungua, na watoto watacheza na wenzao.

Liko neno moja zaidi ambalo baba asikose kuwaambia watoto. Wazee wengi wa watu wa kisiwa hiki waliletwa utumwani, wengine kutoka Bukini, wengine kutoka pwani zetu za Afrika ya Mashariki na Msumbiji, hata walipofunguliwa tarehe 20 Desemba 1848. Mmoja wao alikuwa mtoto yatima, jina lake Edmond. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12, aligundua jinsi ya kuunganisha ua la vanila kwa kijiti na kidole, lipate kuzaa. Njia yake yatumika mpaka leo duniani, hata katika mashamba ya Uganda na Kagera. Alipopata uhuru alipewa jina la Albius, lakini alikufa maskini mwaka 1880, na wengine walitajirika kwa kazi ya vidole vyake. Watoto wakiliona ua la vanila, na walijue jina la mwenziwao huyo.

Nanyi msio na uwezo wa safari ya mbali, msihuzunike. Ziwa Duluti karibu na Arusha limo ndani ya shimo la mlima wa moto wa zamani, na Longonot katika Kenya hupandwa kwa siku moja. Mashauri ni yale yale: hesabuni gharama, ulizeni wenyeji, mtiini mlinzi wa njia, na mwishoni mwa siku ketini pamoja, mmshukuru aliyeiumba milima. Yeye awalinde mtokapo na mwingiapo.