‘Alisema amelipa’ si kosa: Tusikifungie Kiswahili kwa kufuli ya Kiingereza

MWALIMU mmoja anayefundisha karibu na mtaa wa Kiandutu, Thika, alinipigia simu wiki jana kuhusu swali la usemi wa taarifa. Watahiniwa wake walikuwa wamepewa sentensi hii: “Nimelipa kodi ya nyumba,” mama alimwambia mwenye ploti. Mwanafunzi mmoja akaandika: Mama alimwambia mwenye ploti kuwa amelipa kodi ya nyumba. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka ‘alikuwa amelipa’. Alama ikakatwa. Mtoto akauliza, “Sasa mwalimu, kwani hiyo kodi ilirudishwa?”

Swali hilo si la utani. Kiandutu, mtaa ambao jina lake linatokana na neno la Gĩkũyũ ‘ndutu’, yaani funza, ni mahali ambapo tofauti kati ya mtu aliyelipa na ambaye hajalipa inaonekana mlangoni. Mtoto wa huko anajua kwamba ‘amelipa’ ni hali: deni limekwisha, hakuna wa kuja kugonga. ‘Alikuwa amelipa’ inamfanya asubiri sentensi iendelee. Alikuwa amelipa, halafu? Kabla ya nini? Sikio lake liko sawasawa kabisa, na mwongozo ndio ulioteleza.

Tuanze na Kiingereza, maana kanuni hii ina harufu yake. Ukichukua “I have paid the rent” na kuitia katika usemi wa taarifa baada ya ‘she said’, unapata “She said that she had paid the rent”. Kitenzi cha kwanza kikiwa cha wakati uliopita, Kiingereza hukivuta na cha pili kirudi nyuma hatua moja. Lakini tazama kinachofuata. “I paid the rent” nayo huweza kugeuka kuwa “she had paid the rent”. Na “I had paid the rent”, ambayo haina tena pa kurudi nyuma, hubaki vivyo hivyo. Kauli tatu zimeingia katika mlango mmoja, na aliye nje hawezi kujua ni ipi iliyotamkwa.

Kiswahili kina milango mitatu: alisema amelipa, alisema alilipa, alisema alikuwa amelipa. Ya kwanza inaripoti ‘nimelipa’, ya pili ‘nililipa’, ya tatu ‘nilikuwa nimelipa’. Kwa nini basi tuizibe miwili?

Jambo la msingi ni namna viambishi vyetu vinavyohesabu wakati. Tunasema ‘Nilimkuta amelala.’ Hakuna anayefikiri kwamba mtu huyo amelala hadi sasa hivi ninapoandika. Tunasema ‘Nilimwona anavuka barabara ya Garissa’, na kila mtu anaelewa kwamba alikuwa akivuka wakati ule nilipomwona. ‘Tulijua watachelewa’ inahusu kuchelewa kulikokuwa mbele yetu siku ile, hata kama leo ni hadithi ya mwaka jana. Viambishi -me-, -na- na -ta- vikiwa katika kishazi kinachotegemea kingine huazima saa ya kitenzi kikuu. Kitenzi kikuu kikishasema ‘nilimkuta’, wakati umewekwa, na -me- inaeleza tu kwamba wakati huo tendo lilikuwa limekamilika na matokeo yake yapo.

Hili si wazo langu la jana. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, aliieleza -me- kwa msingi wa tendo kukamilika na hali inayobaki. Naye Bernard Comrie, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu njeo, alitenganisha njeo zinazohesabiwa kutoka wakati wa msemaji na zile zinazohesabiwa kutoka tukio jingine. Kirusi pia hakimlazimishi mtu kurudisha kitenzi nyuma. Husema ‘alisema atakuja’ kama sisi. Kwa hiyo Kiingereza kina tabia yake, na si tabia ya lugha zote.

Kinachoniudhi zaidi ni ndugu wa kanuni hii, ile inayodai kwamba -ta- lazima igeuke kuwa -nge-. Mpangaji anasema, “Nitaleta pesa Ijumaa.” Darasani mtoto anafunzwa kuandika: Alisema kwamba angeleta pesa Ijumaa. Hebu nenda ukampelekee mwenye ploti ujumbe huo. Atakuuliza papo hapo, “Angeleta? Kwani imekuwaje?” Maana -nge- kwetu ni kiambishi cha masharti: angeleta lau angelipwa mshahara, angeleta kama mtoto hangeugua. Kiingereza kina neno moja, ‘would’, linalofanya kazi mbili, ahadi iliyoripotiwa na jambo la masharti. Sisi tumeichukua kazi ya pili tukaibandika kwenye ya kwanza. Ahadi ya mtu imegeuzwa kisingizio, naye hajui.

Mtu anaweza kusema haya ni ya darasani tu. La. Sheria ya Kenya inaziruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mara nyingi shahidi huzungumza Kiswahili na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo, jambo jema. Ila mkalimani naye alisoma shule hizi hizi.

Tuseme mama yule wa mtihani yuko kizimbani akitoa ushahidi. Anasema, “Siku hiyo nilimwambia nimelipa.” Inaandikwa kwamba alimwambia ‘she had paid’. Kiingereza safi, sina neno. Miezi baadaye wakili anasoma faili na kumrudishia kwa Kiswahili: “Ulisema ulimwambia ulikuwa umelipa. Ulikuwa umelipa kabla ya nini?” Mama anajibu, “Mimi nilisema nimelipa.” Sasa anaonekana anabadilisha maneno, ilhali maneno yamebadilishwa na safari ya kwenda na kurudi. Mkalimani makini angemtajia maneno yenyewe ya Kiswahili, nimelipa, kisha ndipo atafsiri.

Simaanishi kwamba ‘alikuwa amelipa’ ifukuzwe. Ina kazi yake, tena kubwa. Mama akisema, “Nilikuwa nimelipa mlipofunga nyumba,” hapo kuna matukio mawili yaliyopita na moja lilitangulia. Lazima tuandike ‘alisema kuwa alikuwa amelipa walipofunga nyumba’. Msimulizi wa hadithi naye huihitaji anaporudi nyuma kidogo kutueleza yaliyotangulia. Na ‘alisema angekuja’ inafaa sana pale masharti yalipokuwemo katika kauli yenyewe, au msimulizi anapotaka tujue kwamba hakuja.

Wala simwambii mwanafunzi apuuze mabadiliko mengine ya usemi wa taarifa. Nafsi hubadilika, ‘ni-’ ikawa ‘a-’. ‘Hapa’ huwa ‘hapo’, ‘kesho’ huwa ‘siku iliyofuata’, ‘huyu’ huwa ‘huyo’. Hayo yana mantiki kwa Kiswahili, kwa kuwa anayeripoti amesimama mahali pengine na siku nyingine. Alama za kunukuu, kihisishi na kiulizi nazo huondoka. Ni njeo tu ninayoitetea. Karatasi ya pili ya KCSE hupenda maswali haya, na ombi langu kwa wanaotunga miongozo ni dogo: ‘amelipa’ na ‘atalipa’ zikubaliwe, na anayeandika ‘alikuwa amelipa’ kwa ‘nimelipa’ asifanywe ndiye pekee aliyepata.

Katika somo la Kiingereza mambo ni tofauti, na mwanafunzi wa Thika asiihamishe hoja yangu huko. Huko aandike ‘had paid’ bila wasiwasi. Hata hivyo ajue kwamba Wazungu wenyewe hulegeza: jambo likiwa bado kweli, “She said she has paid” hukubalika, na kitenzi kikuu kikiwa ‘says’ hakuna kurudi nyuma kokote. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni kumwaga ‘had’ kila mahali, kama “I had gone to Ruiru yesterday”, pasipo tukio la pili la kulinganisha nalo.

Msomaji mwingine, wa Ruiru, ameniuliza kuhusu ‘ati’. Vijana husema, “Aliniambia ati amelipa.” Pwani, ‘ati’ au ‘eti’ hutia shaka: anadai amelipa, mimi simwamini. Lakini katika Kiswahili cha Thika na Ruiru mara nyingi ni ‘kwamba’ tu, kwa kuwa Gĩkũyũ kina ‘atĩ’ inayofanya kazi hiyo bila shaka yoyote. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayelisikia Kiandutu asikimbilie kuandika ‘alidai’. Amuulize kwanza aliyesema: unamwamini ama humwamini?