Mbuta Amepimwa, Omena Je?

Mvua kubwa ikinyesha Kisumu, Mto Auji hupita mtaa wa Nyalenda ukibeba chupa za soda, kandambili na vipande vya magunia hadi Ziwa Victoria. Huko jua na mawimbi huvisaga taratibu vikawa chembe. Chembe isiyofikia milimita 5 wanasayansi huiita mikroplastiki.

Katika ziwa hili, ushahidi wa mwanzo ulitoka Mwanza. Watafiti walinunua mbuta na ngege sokoni, wakawapasua matumbo, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo: plastiki ilithibitishwa katika samaki mmoja kati ya kila watano. Lakini matumbo ya ngege hutupwa kabla samaki hajaingia kwenye karai. Omena, yule dagaa mdogo wa ziwani, huingia sufuriani mzima, na utumbo wake, na ndiye kitoweo cha nyumba nyingi za Nyalenda. Anayepimwa ndiye anayeonekana mezani pa watunga sheria. Ndiyo maana suala la omena linanikera.

Ndani ya miili yetu je? Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walikuta plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichunguza mafuta yaliyotolewa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa 257. Mafuta ya asilimia 58 yao yalikuwa na plastiki. Walipowafuatilia wagonjwa hao kwa karibu miaka 3, wenye plastiki walikuwa na hatari zaidi ya mara 4 ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au kufa. Hilo halithibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyowaumiza. Huenda kazi zao, chakula chao au hewa waliyovuta pia vilichangia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi bado ni haba, ila likahimiza tupunguze plastiki hata hivyo.

Naliunga mkono. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, haikungoja vipimo vya damu: mitaro iliyoziba na ng'ombe waliomeza mifuko vilitosha. Chupa zilibaki. Mkataba wa dunia kuhusu plastiki ulioazimiwa Nairobi Machi 2022 ulikwama tena Geneva Agosti 2025, kwa hiyo tegemeo letu la karibu ni Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayozipa kaunti jukumu la taka. Kwa Nyalenda maana yake ni gari la taka linalofika hadi vichochoroni, kabla mvua haijafika.

Nawe msomaji, usiwashe jiko kwa plastiki. Sumu ya moshi wake inajulikana tayari.

Kwa kaunti na watafiti wa uvuvi walioko Kisumu: wapimeni omena wanaouzwa Nyalenda, wazima kama wanavyoliwa, kisha mtutangazie majibu kwa Kijaluo na Kiswahili, palepale sokoni.