Rosa Alikosa Nini? Nadharia ya Mwambatano na Rosa Mistika

Kila tunapoijadili Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, semina huishia palepale: Rosa aliharibiwa na ukali wa baba yake, Zakaria. Sawa. Lakini ukali humharibuje mtu? Mbona wapo waliochapwa na wakatulia? Nadhani saikolojia inaweza kutusaidia.

Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama 26 wa Kiganda, nchini Uganda, pamoja na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali, akachezea vitu, kisha akarudi. Asiye na uhakika hulia hata akiwa amebebwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa kitabuni 1967, yaliipa nguvu nadharia ya mwambatano ya John Bowlby: kwa mlezi wake mtoto hujifunza kama yeye anapendeka na kama watu wanaaminika.

Mwaka 1987 Hazan na Shaver waliihamishia nadharia hiyo kwenye mapenzi ya watu wazima. Mwenye uhakika hutulia. Mwenye wasiwasi hung'ang'ania, akihofu kuachwa. Mkwepaji hujitenga, eti hahitaji mtu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa vijana wasio na uhakika, hasa wale wenye wasiwasi, huelekea zaidi kupata sonona. Huelekea, si lazima.

Turudi kwa Rosa. Barua ya Charles ilimletea kipigo nyumbani. Swali la kupendwa lilijibiwa kwa fimbo. Chuoni akalitafuta jibu kwa wanaume, mmoja baada ya mwingine. Wenzangu huita umalaya. Mimi naona kung'ang'ania. Charles alipomkataa, akajiua.

Mtu atauliza: na mama yake, Regina, si alimpenda? Alimpenda sana. Lakini naye alikuwa akipigwa. Upendo ulikuwepo, kimbilio halikuwepo. Kwa hiyo ile methali ya asiyefunzwa na mamaye haimtoshi Rosa.

Nakiri nadharia hii ina mipaka. Riwaya inatukutanisha na Rosa akiwa msichana tayari. Utoto wake tunaukisia tu. Tena haifuti lawama kwa wanaume waliomtumia. Faida yake ni kwamba inakataa kumhukumu mtu milele: mwambatano unaweza kubadilika mtu akipata rafiki, mwenzi au mshauri wa kuaminika. Rosa hakumpata. Basi tukikaa kwenye vimbweta kumsema binti fulani wa bwenini, tujiulize kwanza kama ana pa kukimbilia.