Kumea, Kuishi na Kutambuliwa: Maneno Yetu na Vijidudu vya Chakula

Mwanamke aanikaye usipa kichanjani huko Ngumbo, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga, halazimiki kuijua kemia. Lakini cheti kitokacho maabara chaweza kuuzuia mzigo wake usifike Songea. Kwa hiyo neno litakaloandikwa katika cheti hicho lamhusu yeye, nalo latuhusu pia sisi tushughulikao na lugha. Makala haya yakusudia kueleza jinsi vijidudu viletavyo maradhi vitafutwavyo siku hizi katika chakula, na kuonyesha mahali ambapo neno moja lisilofaa laweza kumdhulumu mtu.

Na tuanze na neno kimelea. Asili yake ni kumea. Kumelea ni kumea juu ya kitu kingine. Njia ya zamani ya maabara yaafikiana na neno hili barabara. Mpimaji huchukua, aghalabu, gramu 25 za chakula, huzitia katika maji yenye lishe, kisha huotesha katika sahani ya Petri, iitwayo kwa jina la Mjerumani aliyeieleza mwaka 1887. Kikimea, huonekana, kisipomea, husemwa hakipo. Kwa salmonela, kazi hii pamoja na kuithibitisha huweza kuchukua siku tano, na mnunuzi wa samaki hangoji siku tano.

Njia mpya haiulizi kama kijidudu chamea. Huuliza nasaba yake. Iliyo mashuhuri ni PCR, iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983. Vinasaba, yaani DNA, ni mfano wa kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa. Sampuli hupashwa moto hadi digrii 95 hivi, nyuzi zikaachana. Hupozwa hadi 50 au 60, na vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi hunata mahali pake tu, si pengine. Kisha, kwa digrii 72, kimeng'enya huujaza uzi uliopungua. Kimeng'enya hiki asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, ndiyo sababu hakiharibiwi na joto lile. Kamba moja huwa mbili, mbili huwa nne, na baada ya mizunguko 30 nakala hupita 1,000,000,000.

Magazeti hupenda kusema kwamba vimelea "vimegunduliwa". Mimi nashikilia kutambua. Katika matumizi ya leo hugunduliwa kisichojulikana; hutambuliwa kile ambacho sura yake tunayo tayari. PCR haiwezi kuona ila kile ambacho vipande vyake vya kunatia vimekwisha kutengenezwa. Tena hujibu swali lililoulizwa tu. Bakteria wa jamii ya kipindupindu huishi majini, na si wote wenye sumu. Kipimo kiulizacho jina la ukoo peke yake kitawatia hatiani wasio na kosa, na kile kiulizacho jeni ya sumu, iitwayo ctxA, kitawatenga. Tofauti hii si mchezo wa wanachuoni. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, na wavuvi wa Ziwa Viktoria walilipa gharama yake. Nayo hofu yenyewe haikosi msingi: mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi.

Lakini jambo lililo zito zaidi ni hili: nasaba hubaki baada ya kifo. Samaki aliyepikwa hata vijidudu vyake vikafa aweza bado kuonyesha vinasaba vyao, na karani akaandika "vimelea vipo". Kitenzi hicho chadai zaidi ya kilichoonekana. Wapimaji wanazo dawa za hila hii: huotesha kwanza kwa saa kadhaa ili walio hai waongezeke, au hutia rangi maalumu inayopenya katika vijidudu vilivyokufa na kuzifunga nyuzi zao zisinakiliwe. Kwa upande wa pili, bakteria wa kipindupindu wakishikwa na baridi au njaa huweza kuwa hai bila kumea katika sahani. Hapo ndipo njia ya zamani hudanganyika, na neno kimelea likadanganyika pamoja nayo!

Tangu mwaka 2000 iko pia njia ya Wajapani, LAMP, itendayo kazi kwa joto moja la digrii 60 hadi 65 na kuweza kuonyesha jibu kwa kubadili rangi. Haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto, na kwa hiyo yaweza kufika hata ufuo usio na maabara. Huko msomaji wa jibu atakuwa bwana afya, na mwenye mzigo atakuwa amesimama mbele yake. Kwa kadi za namna hiyo napendekeza maandishi matatu, yasichanganywe: "vinasaba havikutambuliwa"; "vinasaba vimetambuliwa, uoteshaji wangojewa"; na "bakteria hai wamethibitishwa". Mzigo uzuiwe kwa muda kwa andiko la pili, na kuharibiwa kwa la tatu tu.