KUSUKA UPYA TIMU: HESABU ZA USAJILI WA CHAMA ZAWAGAWA WAFANYABIASHARA ENDAGIKOT

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

WAKATI wa msimu wa maharage, mazungumzo kwenye benchi la nje ya maduka ya Endagikot, wilayani Mbulu, huanza na bei ya gunia na kuishia Msimbazi na Jangwani. Mwandishi wa makala hii alifika huko kuulizia mwenendo wa soko la maharage na vitunguu swaumu. Akakuta watu watatu wakibishana juu ya jambo ambalo, mtu akilitazama vizuri, ni la kibiashara kuliko la kimichezo: je, klabu inapompoteza mchezaji wake tegemeo bila kulipwa hata senti moja, imepata hasara au imetua mzigo?

Mchezaji mwenyewe ni Clatous Chama, kiungo wa Zambia. Julai 1, 2024, baada ya mkataba wake na Simba kumalizika, Yanga ilimtangaza kuwa mali yake. Chama mwenyewe hakukaa sana Jangwani. Mwaka 2025 alihamia Singida Black Stars. Hata hivyo ubishi wa Endagikot haujafungwa, kwa sababu mmoja wa wabishani aliulipia uhamisho ule kwa fedha yake mwenyewe.

JEZI ZILIZOLALA DUKANI

Huyo ni mama mwenye duka la nguo. Anasema kwamba mwaka 2024, kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa, alikopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akaagiza jezi 40 za Simba zenye jina la Chama mgongoni. Alinunua kwa shilingi 12,000 kila moja akitarajia kuuza kwa 20,000. Zilipouzwa tisa tu, habari ya Jangwani ikatangazwa redioni.

Jezi 31 zililala. Mashabiki wa Simba hawakutaka kuvaa jina la mtu aliyehamia kwa watani, na mashabiki wa Yanga hawavai nyekundu. Baada ya miezi miwili alizitoa kwa shilingi 7,000 kila moja kwa waliotaka nguo ya kuendea shamba. Mtaji uliolala ulikuwa shilingi 372,000 na kilichorudi ni 217,000. Pengo la shilingi 155,000 alilifidia kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya mtoto.

Mnunuzi wa mazao, mzee wa makamo ambaye ni Yanga wa damu, alimwambia kwa utani kwamba aliyemtia hasara si Chama bali ni jina. "Mama, wewe uliuza jezi au uliuza mtu?" alimuuliza. Watu wakacheka, lakini swali hilo ndilo kiini cha hesabu zote zinazofuata.

SIMBA ILIPOUZA MAPEMA

Kijana mwenye kibanda umiza, ambaye ni Simba, hakubali kwamba klabu yake haijui biashara. Anakumbusha Agosti 2021. Wakati huo Simba ilikuwa imetwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Ikiwa kileleni namna hiyo, iliwauza wachezaji wake wawili waliokuwa moto kuliko wote: Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone wa Msumbiji akaenda Al Ahly ya Misri.

Kwa mfugaji yeyote wa Mbulu, hiyo ni hesabu safi. Dume huuzwa likiwa limenona, si likiwa limeanza kukonda. Lakini mzee akamjibu kwamba fedha iliingia na ubingwa ukatoka. Msimu wa 2021/22 Yanga ilichukua kombe bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, na Januari 2022 Simba ikamrudisha Chama nyumbani.

Hapo kila upande una hoja. Kuuza bidhaa wakati bei iko juu ni jambo jema, ila muuzaji awe ameshaandaa bidhaa nyingine ya kujaza rafu. Asiyekuwa nayo atawauzia wateja wake maneno, na mteja wa mpira hana subira.

JANGWANI WALIPOUZA NA RAFU IKAJAA

Mfano wa pili uko Yanga. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alifunga mabao 17 ya ligi, sawa na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, na Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka huo huo wa 2023 Mayele akauzwa Pyramids ya Misri, na Feisal Salum, baada ya mvutano mrefu juu ya mkataba wake, akaenda Azam.

Wengi walidhani nyumba imebomoka. Kumbe Stephane Aziz Ki alikuwa tayari yumo ndani, na Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli wakaongezwa. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki akawa mfungaji bora kwa mabao 21 na Yanga ikabaki na kombe. Novemba 5, 2023 ilikuwa imeshaifunga Simba mabao 5-1. Kijana wa kibanda umiza anakiri kwamba siku hiyo wateja wake walianza kutoka kabla ya filimbi ya mwisho, na jioni hakuwa na moyo wa kuhesabu makusanyo.

DAFTARI LA MKATABA

Msomaji ambaye ni mwekezaji mdogo atauliza: thamani ya mchezaji inahesabiwaje? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mchezaji ni mkataba wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu inamnunua mchezaji kwa shilingi milioni 300 na kumpa mkataba wa miaka mitatu. Mhasibu hugawa gharama hiyo kwa miaka yote mitatu, yaani milioni 100 kila mwaka. Baada ya miaka miwili thamani iliyobaki vitabuni ni milioni 100. Klabu ikimuuza wakati huo kwa milioni 400, faida ya kitabu ni milioni 300. Ikingoja mkataba uishe, thamani ni sifuri na bei yake sokoni ni sifuri vile vile, hata kama mchezaji bado anacheza vizuri.

Kanuni za FIFA zinaongeza ugumu. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo anaruhusiwa kusaini makubaliano na klabu nyingine. Uhuru wa mchezaji aliyemaliza mkataba kuondoka bila ada ulitiwa nguvu huko Ulaya na hukumu ya kesi ya Bosman ya Desemba 15, 1995, na desturi hiyo ikaenea. Kwa hiyo muuzaji mwenye akili hufanya uamuzi mkataba ukiwa na mwaka mzima au zaidi. Akichelewa, mnunuzi hana sababu ya kutoa fedha. Atangoja tu, kama dalali anayengoja nyanya zianze kulainika.

Kuna wengine pia wanaokosa. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mchezaji akiondoka bure, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Klabu ndogo za mikoani zenye vijana wazuri hazina budi kulijua hili na kutunza kumbukumbu za kila kijana aliyepita mikononi mwao.

Je, Simba ilikosea kwa Chama? Mama wa jezi anasema ndiyo. Kijana anasema la, kwa sababu mchezaji alikuwa ametimiza miaka 33, na kumpa mkataba mnono ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mtamba. Mwandishi anaona kwamba wote wawili wana ukweli: umri ulishusha bei ya kumuuza, lakini haukushusha mapenzi ya mashabiki, na mapenzi hayo ndiyo yanayouza tiketi na jezi.

KUSUKA UPYA KIKOSI

Simba ilimaliza msimu wa 2023/24 nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, ikakosa Ligi ya Mabingwa Afrika. Katikati ya mwaka 2024 ikaamua kusuka upya. Mbali na Chama, waliondoka John Bocco, Ntibazonkiza, Miquissone aliyekuwa amerudi, na beki Henock Inonga. Akaletwa kocha Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini, na wachezaji wapya wengi wao vijana: Joshua Mutale wa Zambia, Steven Mukwala wa Uganda, Debora Fernandes, kipa Moussa Camara wa Guinea, na Jean Charles Ahoua kutoka Stella ya Abidjan.

Wazee wa Msimbazi hawakukosa kulitambua jina la Stella. Ndiyo klabu iliyowanyima Kombe la CAF mwaka 1993 katika fainali iliyoisha kwa machozi Dar es Salaam.

Biashara ya kusuka upya ina hatari moja kubwa: gharama hulipwa leo na mapato huja kesho, kama yanakuja. Kwa Simba yalikuja nusu. Ahoua alikuwa mfungaji bora wa ligi ya 2024/25 kwa mabao 16. Timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na mpinzani akawa RS Berkane, ile ile iliyomnunua Chama mwaka 2021. Simba ilifungwa 2-0 Morocco Mei 17, 2025, kisha ikatoka sare 1-1 Zanzibar Mei 25, bao lake likifungwa na Mutale. Kwa viwango vilivyotangazwa na CAF mwaka 2023, bingwa wa kombe hilo alikuwa akipata dola milioni 2 na anayemfuata dola milioni 1.

Katika ligi, Yanga ilimaliza na pointi 82 na Simba 78. Juni 25, 2025 watani walikutana, Yanga ikashinda 2-0 na kuchukua kombe la nne mfululizo. Baada ya hapo, Mohamed Hussein "Tshabalala", nahodha aliyekaa Simba kwa zaidi ya miaka kumi, naye akavuka kwenda Jangwani, na Septemba 2025 kocha Davids akaenda Raja Casablanca. Mzee akauliza kwa upole, "Mwanangu, nyumba inasukwa na fundi ameondoka, nani atamalizia paa?"

Kijana hakukasirika. Alijibu kwamba yeye hesabu yake ni viti. Siku ya fainali ya Zanzibar kibanda kilijaa hadi watu wakasimama, na waliolipa ni pamoja na Yanga waliokuja kuombea mabaya. Ukiona vyaelea, vimeundwa, alisema. Yanga nao walipita miaka minne mikavu kabla ya kuanza kuvuna.

MASHABIKI NA HISA

Msomaji asidhani fedha zinazozungumzwa ni ndogo. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa upande wa umiliki, wanachama wa Simba walikubali mwishoni mwa mwaka 2017 Mohammed Dewji awekeze shilingi bilioni 20, mgawanyo uliofuata ukiwa asilimia 49 kwa mwekezaji na 51 kwa wanachama. Yanga nayo mwaka 2021 ilibadili katiba ili kufuata mfumo kama huo.

Hata hivyo, hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, hisa za klabu hizo zilikuwa hazijaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwenye mtaji mdogo wa Endagikot anaingia katika biashara ya mpira kwa milango ya pembeni: jezi, kibanda umiza, chai na maandazi siku ya mechi. Kuna na mlango wa nne, wa kubeti, ambao mnunuzi wa mazao anasema amewaona vijana wakiutumia kupeleka fedha ya mbegu isirudi. Mwandishi hana la kuongeza hapo.

LA KUJIFUNZA

Kwanza, anayetegemea mchezaji mmoja, msambazaji mmoja au zao moja, ajue siku mkataba unapoisha na aanze mazungumzo mapema. Pili, usiuze kilichonona bila kuwa na kinachokua nyuma yake. Tatu, anayesuka upya atenge akiba ya kumvusha kipindi cha ukame, kwa maana wateja hawatamngoja.

Mama wa jezi amekwishaamua. Siku hizi huagiza jezi za timu zote mbili zisizo na jina. Anayetaka jina la mchezaji mgongoni hulipa nusu kwanza, ndipo jezi iagizwe. Mei 2025, kabla ya fainali ya Zanzibar, aliuza zote alizokuwa nazo, na deni la kikundi likaisha wiki hiyo.

Mzee wa Yanga alinyanyuka, akamwambia amtafutie moja ya kijani, saizi kubwa. Akamuuliza aandike jina gani. Akajibu aache wazi tu, kisha akaenda kupima maharage yake.